Mihuri Minane Juu ya Barua ya Mzee wa Figili

KWA FAKSI. Kurasa mbili, pamoja na huu.
Yokote, 20 Januari

Binti Tsukui wa Ofisi ya Ununuzi, Sendai,

Katika bonde hili lote hakuna mtu anayeijua kompyuta kama mimi. Ninayo mwaka wa kumi na moja sasa, sijawahi kuipeleka kwa fundi, haijanigomea hata siku moja, na kila asubuhi naigusa kabla sijagusa kijiko.

Haya, usianze kunipigia makofi. Haijanigomea kwa sababu sijawahi kuiwasha. Mwanangu aliileta kutoka Tokyo, akaniambia, "Baba, sasa na wewe utaingia duniani," kisha akarudi zake Tokyo. Nikaibeba, nikaona uzito wake ni sawasawa na lile jiwe langu lililopasuka, nikaiweka juu ya kifuniko cha pipa la achari. Inakandamiza figili vizuri kuliko jiwe, maana haibingiriki. Kila asubuhi naigusa nione kama kifuniko kimeshuka.

Sasa tuje kwenye tangazo lako. Jirani yangu Bi Hatsue alikuwa hapa wakati linatoka kwenye mashine, akanisomea kwa sauti, maana miwani yangu sikuiona. Eti kuanzia tarehe mosi Aprili ofisi yenu itaondoa mashine ya faksi, na maagizo yote ya figili na karoti yatakuja kwa kompyuta. Eti kila muuzaji akubali, apige muhuri wa jina lake kwenye fomu, airudishe. Airudishe kwa njia gani? Kwa faksi! Nilicheka mpaka Bi Hatsue akanipiga mgongoni, akidhani nimepaliwa. Yaani mnaituma faksi ikajichimbie kaburi yenyewe.

Halafu umeanza kwa kuandika, "Baridi imezidi kuwa kali, tunaamini u mzima." Wewe unaijua baridi, binti? Si mnapuliziwa joto miguuni huko? Mimi nimeshuka kutoka juu ya paa sasa hivi, nimeteremsha theluji ya kimo cha mtu.

Muhuri sijaupiga. Sisemi nimekataa. Nasema sijaupiga.

Hatakeyama Kisaburo,
mwenye figili zinazokaushwa kwa moshi


KWA FAKSI. Kurasa mbili, pamoja na huu.
Sendai, 22 Januari

Mheshimiwa Bwana Hatakeyama,

Katika msimu huu ambapo theluji inazidi kuanguka, ni imani yetu kwamba u mzima na kazi inakwenda vizuri. Tunakushukuru kwa ushirikiano wako wa miaka mingi.

Wauzaji wetu ni thelathini na mmoja. Thelathini wamekwisha kupiga muhuri. Tunapenda pia kukumbusha, kwa heshima zote, kwamba tangu Oktoba, nilipokabidhiwa kazi ya maagizo, mizigo yako mitatu imekuja tofauti na tulivyoomba. Tuliomba karoti tukapata figili, tuliomba zilizokatwa tukapata nzimanzima. Kompyuta itaondoa makosa ya namna hiyo. Naambatisha fomu tena.

Wako mtiifu,
Tsukui Madoka

(Chini, kwa mkono:) Mzee, samahani, haya hayamo kwenye barua rasmi. Mimi ni mtu wa mkataba, na mkataba wenyewe unakwisha tarehe 31 Machi. Mkuu wa Idara, Bwana Wakui, ameniambia nikimletea mihuri yote thelathini na mmoja ataniandikia ajira ya kudumu. Ninayo thelathini. Nakuomba.


KWA FAKSI. Kurasa mbili, pamoja na huu.
Yokote, 25 Januari

Binti,

Bi Hatsue alikuja kurudisha koleo, nikampa na barua yako anisomee. Alipofika pale chini palipoandikwa kwa mkono akashusha sauti, akanitazama kama vile mimi ndiye niliyekuibia mkataba. Tangu hapo hajanisalimia. Kwa hiyo siku nyingine niandikie kwa zile herufi za watoto wa darasa la kwanza, kubwakubwa, zenye nafasi. Macho yangu na herufi za Kichina za barua rasmi hayaelewani. Na Bi Hatsue ndiye anayenipa mayai, sitaki aninunie mpaka masika.

Ila barua sikuihitaji sana. Mimi nasoma mihuri.

Fomu yako ina vyumba vitatu vya mihuri. Kulia ni wewe, katikati Mkuu wa Sehemu, Bwana Onodera, kushoto Mkuu wa Idara. Muhuri wako umelalia kushoto, unawainamia wakubwa. Najua, ndiyo adabu ya ofisi, mdogo huinamisha muhuri. Lakini kuna kuinama, mwanangu, na kuna kutafuta kishikizo cha shati chini ya meza. Wako unatafuta kishikizo. Wa Bwana Wakui umesimama kama nguzo ya umeme, sawa, chumba kile hakina wa kumwinamia. Sasa tazama ule wa katikati. Umeuona? Geuza karatasi. Bwana Onodera amepiga muhuri kichwa chini, miguu juu!

Mtu aliyepiga mihuri miaka thelathini na tano hakosei hivyo. Mkubwa anakwambia piga, hutaki, na kusema hutaki huwezi. Basi unapiga, ila unapiga hivyo. Mkono umekubali, mwenye mkono amekataa. Muulize, uone atakavyojifanya hasikii.

Kuhusu mimi, usidhani ni ukaidi. Ukaidi ninao, lakini nautumia kwa mambo mengine. Ninayo sababu. Ila haijavaa nguo, siwezi kuitoa nje.

Kisaburo


KWA FAKSI. Ukurasa mmoja, huu huu.
Sendai, 29 Januari

Mzee Hatakeyama,

Nimeandika kubwakubwa. Natumaini macho yanapokea.

Nimeutazama muhuri. Kweli uko kichwa chini. Nimeupeleka mwenyewe kwa wauzaji thelathini na mmoja na sikuuona! Wakati wa chai nilimfuata Bwana Onodera.

"Bwana mkubwa, ule muhuri wa tangazo, naona kama..."

"Chai imepoa," akasema.

"Ndiyo, lakini ule muhuri..."

"Uzee, binti. Mikono." Akaangalia dirishani. Kisha akaniuliza, "Maagizo ya Yokote unayatumaje?"

Nikamwambia nayapiga chapa, safi, bila zile picha za kitoto zilizokuwa zikichorwa pembeni zamani. Nilidhani atanisifu. Akaosha kikombe chake mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Mzee, sielewi kitu. Kuna jambo gani kati yenu? Fomu bado naisubiri. Siku nazo zinakwenda.

Tsukui


KWA FAKSI. Kurasa tatu, pamoja na huu.
KWA BINTI TSUKUI PEKE YAKE. Isome, uichane, vipande uvitupe kwenye ndoo mbili tofauti.
Yokote, 4 Februari

Binti,

Jana ilikuwa siku ya kurusha maharage. Nilirusha peke yangu nyumba nzima, "Mashetani nje! Baraka ndani!" Wote wakatoka isipokuwa mmoja, akakaa mezani akinitazama. Nikamtambua. Ni yule anayeniambia kila siku, "Kisaburo, mwambie yule binti." Basi nakuambia.

Mimi sijui kusoma. Yaani nasoma hizi herufi za watoto, na namba, na jina langu. Katika herufi za Kichina najua pia zile za ubao wa "Jihadhari na dubu", hizo nilijifunza haraka kwa sababu unayoielewa. Shule niliiacha nikiwa na miaka tisa. Baba alichoma mkaa mlimani, na tanuri la mkaa halikubali kuachwa peke yake. Mwalimu alipanda kunifuata mara mbili. Mara ya tatu theluji ilimrudisha, na mwaka uliofuata akahamishwa.

Aliyesoma kila kitu hapa ni marehemu mke wangu, Tomie. Miaka arobaini na miwili yeye anasoma, mimi natia chumvi, na watu wakadhani tunasoma wote. Alifariki miaka minane iliyopita, katikati ya msimu wa moshi. Siku ya tano baada ya mazishi agizo lenu likatoka kwenye mashine. Nikalitazama, likanitazama. Arobaini niliiona, ishirini niliiona, lakini arobaini ya nini? Nikachora alama ya kuuliza, kubwa, nikalirudisha lilikotoka.

Haikupita saa. Mashine ikalia, agizo likaja lile lile, na pembeni ya kila mstari pamechorwa picha. Figili nzima. Figili iliyokatwa. Karoti yenye nywele kichwani. Basi. Hakuna "Vipi mzee, husomi?" Hakuna pole. Na agizo lililofuata likaja na picha, na lililofuata, miaka minane. Ni Bwana Onodera. Sijawahi kumwona. Sijui kama ni mnene au mwembamba. Hajaniuliza kitu, nami sijamshukuru, kwa sababu kumshukuru kungekuwa kukiri.

Oktoba ukaja wewe, picha zikaisha. Karatasi zako ni safi, binti, safi kama sahani isiyo na chakula. Nakisia. Mara tatu nimekisia vibaya.

Kompyuta haitanichorea. Nikipiga muhuri, mimi nazima moto wa kibanda cha moshi. Nisipopiga, wewe Aprili uko barabarani. Nimekaa na fomu yako wiki mbili, nimeimwagia chai mara moja. Mwanangu hajui haya. Bi Hatsue hajui. Unajua wewe, na Bwana Onodera ambaye hajasema kwamba anajua. Nipe siku chache.

Kisaburo


KWA FAKSI. Ukurasa mmoja, huu huu.
Sendai, 8 Februari

Mzee wangu,

Sijui nianzeje. Nilikuwa kitandani na homa siku tatu. Hapa ofisini, karatasi yoyote ikitoka kwenye mashine inagongwa tarehe, inabandikwa kikaratasi cha majina, inazungushwa meza hadi meza, na kila aliyesoma anapiga muhuri wake. Hakuna anayefikiri, mkono unakwenda wenyewe. Barua yako imezungushwa. Tena umeiandika kwa herufi za watoto, hakuna aliyeshindwa kuisoma.

Nimeikuta mezani kwangu leo asubuhi. Ina mihuri minane, wa Bwana Wakui umo, wa Bwana Onodera umo. Chumba kimoja kitupu, changu.

Sikuichana. Ningechana ili nani asione? Nisamehe, mzee.

Madoka


KWA POSTA
Sendai, 17 Februari

Mzee wangu,

Mashine yetu imeijaribu namba yako mara kumi na tisa. Kila mara inanitolea kikaratasi: haikupokelewa. Figili za maagizo ya awali zinafika, kwa hiyo najua u hai, lakini ndani ya sanduku siku hizi hamna hata ule uso unaotoa ulimi uliozoea kutuchorea. Ndiyo maana nimenunua stempu.

Lazima ujue kilichotokea. Bwana Wakui aliniita ofisini kwake, na barua yako iko mbele yake. Nikajua ndiyo mwisho wangu.

"Binti Tsukui, tangazo letu linasemaje?"

"Kwamba mashine ya faksi itaondolewa, bwana mkubwa."

"Mashine ya nani?"

"Ya ofisi."

"Kuna mahali tumesema tutakwenda Yokote tuing'oe ya mzee?"

"Hapana, bwana mkubwa."

"Sasa mbona ofisi nzima ina nyuso za msibani?"

Kumbe alikwisha kumwita fundi. Nikichora picha kwenye karatasi, nikaipiga picha, inaweza kutoka ndani ya kompyuta yangu na kutokea kwenye mashine yako kama siku zote. Wewe hubadilishi kitu. Na ukituma kwa namba ile ile, itatokea kwenye kioo changu mimi tu. Hakuna meza ya kuizungushia.

Halafu Bwana Wakui akachukua penseli, akainama, akachora muda mrefu, akanisukumia karatasi. Nikasema, "Chupa nzuri sana, bwana mkubwa." Akaivuta karatasi kwake. Akasema, "Ni figili."

Siku ya pili wote walikuwa wanachora. Bwana Onodera anastaafu tarehe 31 Machi, kwa hiyo lazima mtu arithi kazi yake. Humu ndani nimekuwekea figili nane za ofisi na yangu ya tisa, utuambie ipi inaeleweka. Nimekuwekea pia barua yako yenye mihuri, kwa sababu ni yako. Na fomu. Kuhusu fomu sikuombi tena. Usipopiga, nitaelewa, na picha nitakuchorea mpaka siku yangu ya mwisho hapa.

Madoka


KWA FAKSI. Kurasa tatu, pamoja na huu.
Yokote, 21 Februari

Binti,

Ndiyo, nilichomoa waya. Siku kumi na mbili. Siku ya kwanza nilitaka kwenda kujizika kwenye theluji, lakini theluji ilikuwa imeganda, ningehitaji koleo, na koleo Bi Hatsue alikuwa ameliazima tena. Siku ya sita nikaanza kusikia njaa ya ile kelele ya mashine. Leo nimerudisha waya.

Mihuri yenu nimeiona myekundu kwa mara ya kwanza! Kwenye mashine hutoka myeusi. Miaka yote nilidhani ofisi yenu iko kwenye matanga.

Nimeisoma mmoja mmoja. Wa kwanza wino umetapakaa, huyo alipiga bila kusoma, kisha akairudisha karatasi akasoma, maana kuna alama ya kidole chini kabisa. Wa nne una tone la maji pembeni. Ama alilia, ama alikuwa anakula tambi. Nimelitazama tone, nimelinusa, siamui. Bwana Wakui safari hii nguzo yake imeegama kidogo. Umwambie nimeona. Wako haupo, chumba kitupu. Mbona? Umeisoma kuliko wote. Nimekirudisha kikaratasi humu, piga.

Sasa figili. Ya Bwana Wakui kweli ni chupa, tena ya mafuta. Kuna mmoja kachora panya aliyelala. Mwingine kachora figili ina miguu miwili, huyo amwone daktari au aoe. Yako, binti, ni mguu wa bata bukini. Ila ni mguu ambao mtu hawezi kuuchanganya na karoti, na mimi hicho tu ndicho ninachotaka. Umepita. Majani ongeza.

Fomu nimeipiga. Muhuri nimeupiga wima, simwinamii mtu katika umri huu, na sikuugeuza kichwa chini. Sasa unayo mihuri thelathini na mmoja. Nenda kwa mkubwa wako kabla hajabadilisha mawazo, na usijikwae kwenye ngazi.

Bi Hatsue nimemwambia. Nikasema, "Bi Hatsue, mimi sijui kusoma." Akasema, "Najua, Kisaburo. Umeniambia miwani imepotea tangu Tomie afe, na iko juu ya pua yako." Kisha akanipa mayai sita.

Kisaburo


KWA FAKSI. Ukurasa mmoja, huu huu.
Sendai, 1 Machi

Bwana Hatakeyama,

Mimi ni mwembamba.

Karoti ya siku ile ya kwanza, niliiwekea nywele nyingi mno. Naomba radhi. Muhuri wa Januari sikuukosea.

Nikistaafu nitakuwa na nafasi. Kibanda cha moshi kinawashwa mwezi gani? Sitakuja na barua yoyote ya kusoma.

Onodera

(Pembeni amechora figili nzima, na mtu mwembamba amesimama karibu nayo ameinama.)


KUTOKA KWENYE KOMPYUTA, KWA MASHINE YA MZEE
Sendai, 1 Aprili

Mzee wangu,

Kama karatasi hii imetoka, basi fundi hakutudanganya.

Mashine ilichukuliwa jana alasiri. Watu wawili waliibeba. Bwana Onodera aliukunja waya wake vizuri, akaufunga kwa uzi, na watu wote tukasimama kama tunamsindikiza mgeni. Bwana Wakui alisema, "Haya, kazini," lakini yeye mwenyewe hakuondoka.

Leo asubuhi amenipa karatasi. Ajira ya kudumu. Nimeipiga muhuri pale pale mbele yake. Muhuri umeinama kidogo tu, sikutafuta kishikizo. Nilimpigia mama simu kutoka ngazini, nikasikia tu sufuria imeanguka.

Agizo la kwanza liko hapa chini. Mguu wa bata wenye majani, thelathini. Ule uliokatwa, ishirini. Kile chenye nywele ni karoti, kumi na tano.

Madoka


KWA FAKSI, IENDAKO SIJUI
Yokote, 2 Aprili

Mwanangu Madoka,

Imetoka. Nzima, haikukunjika, nikadhani ni ya mtu mwingine mpaka nilipoona mguu wa bata. Thelathini, ishirini, kumi na tano. Mzigo unaondoka kesho. Sikukisia hata kimoja.

Hongera, mfanyakazi wa kudumu. Usianze kuvimba. Mama yako mwambie sufuria ikipinda chini igongwe kwa nyundo ya mti, siyo ya chuma. Mimi nimeisoma karatasi yako mara mbili peke yangu, kisha nikatoka nje nikaona theluji ya paani inateremka yenyewe bila mimi kuigusa, nikakaa pale nikiitazama mpaka chai ikapoa. Bwana Onodera nimemjibu aje Novemba, alete nguo anazozichukia, maana moshi hautoki. Nimemchorea na njia, kwa kuwa mtu mwembamba akipotea huku hatuwezi kumwona.

Sasa nina dai langu dogo. Watu wanane huko kwenu wameisoma siri yangu, wamepiga na mihuri, na hakuna aliyenirudishia kitu. Nawadai siri nane, na ya Bwana Onodera ataileta mwenyewe Novemba. Sitaki kubwa, zile za kuvunja nyumba zibaki huko huko. Nataka ndogo, za kumfanya mtu awe mwekundu masikioni. Chukua karatasi tupu, bandika kikaratasi cha majina, izungushe meza hadi meza. Kila mmoja aandike yake kwa herufi za watoto, apige muhuri, uniletee. Nitaisoma mwenyewe.

Anza na Bwana Wakui. Akisema ana mkutano, msubiri mlangoni.

Kisaburo